Kufundisha Watoto Kubisha

Walimu wenzangu mnaobaki katika idara ya Kiswahili, siku mliyoniaga mlinipa kitenge na saa ya ukutani, mkaniomba niwaandikie machache kuhusu uzoefu wangu. Kitenge nimeshakishona. Saa imeshagoma. Machache ndiyo haya, ila nawatahadharisha mapema kwamba nimeyaandika nikiwa na hasira, na sina mpango wa kuipoza ili nionekane mstaafu mwenye busara. Anayetaka habari za vyeo na madaraja atafute kwenye faili langu. Mimi nimefundisha insha ya hoja tangu nikiwa binti mpaka nimekuwa bibi, na nimeona kwa macho yangu jinsi tunavyompa mtoto maksi akijenga hoja kwenye karatasi, kisha tunamnunia akithubutu kuitumia mbele yetu.

Nilizaliwa Busi, Kondoa. Nyumbani tuliongea Kirangi, Kiswahili kilikuwa cha dukani na shuleni. Baba alilima na kuuza alizeti, na hakukubali mtoto wake aombe kitu bila kutoa sababu. Ukisema "baba, naomba viatu," anakuuliza, "kwa nini wewe, kwa nini sasa, na kaka yako je?" Nilikuwa nikilia wakati mwingine. Sasa najua kwamba alinifundisha kazi kabla sijaenda chuo.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa upande wa Kolo. Mkuu wa shule wa wakati ule alinikabidhi boksi la chaki zilizovunjika, akanionyesha darasa la kidato cha tatu, akaenda zake kutafuta dizeli ya jenereta. Nilikuwa na andalio la somo zuri kabisa, nililolinakili chuoni kwa wino wa bluu: utangulizi, kiini, hitimisho. Nikaandika ubaoni "Umuhimu wa Maji," nikawaambia waandike. Wakaandika. Nilizisahihisha zile insha kwa furaha ya mtu aliyepata kazi, nikajaza "vizuri" na "hongera" kila ukurasa.

Mkuu wa idara alikuwa Mwalimu Masima, Mgogo mrefu mwenye koti lililopauka mabega, ambaye hakuwahi kupandisha sauti na kwa hiyo alitisha. Alivuta lile rundo upande wake wa meza, akasoma insha moja mpaka mwisho, halafu ya pili, halafu ya tatu.

"Mwalimu Mwanaidi, huyu umempa 'vizuri sana.' Anasema nini?"

"Anasema maji ni muhimu kwa binadamu, wanyama na mimea."

"Nani amebisha?"

Sikumwelewa. Nikamwambia hivyo.

"Nakuuliza, katika Kondoa nzima unamfahamu mtu anayesema maji si muhimu? Kama yupo, mlete hapa, watoto wamwandikie. Kama hayupo, hawa wote wamepoteza wino wakimshawishi mtu ambaye hajazaliwa."

Akanirudishia rundo langu, akaendelea kunywa chai yake ya rangi. Nilimchukia siku ile. Lakini alichosema kilikuwa kweli, na ndicho kitu cha kwanza nawaachia: kabla mwanafunzi hajaandika sentensi moja ya insha ya hoja, amtaje mtu asiyekubali. Awe mtu kweli, mwenye sababu zake, siyo kinyago cha kuangushwa.

Wiki iliyofuata Mwalimu Masima aliingia nami darasani, akaandika mada yake mwenyewe: wanakijiji waendelee kuruhusiwa kufanya matambiko kwenye mapango yenye michoro ya kale, au wakatazwe ili michoro isiharibike? Darasa liliamka. Mle ndani kulikuwa na watoto ambao babu zao walipanda kule kutambika mvua inapochelewa, na watoto ambao baba zao walikuwa wakiwatembeza wageni kwenye michoro hiyohiyo. Kulikuwa na kijana anaitwa Rajabu, mjukuu wa mmoja wa wazee wa tambiko. Alinyoosha mkono akitaka kutetea mila. Mwalimu Masima akamwambia, "Wewe utaandika upande wa wanaokataza."

"Mwalimu, babu atanifukuza nyumbani!"

"Hatakufukuza. Utamweleza wanaombishia wanasema nini, na ataanza kukuheshimu."

Rajabu aliandika insha nzuri kuliko zote, maana alijua hasa mahali ambapo upande wake ulikuwa na udhaifu. Alitaja moshi wa moto wa tambiko unavyogusa mwamba. Baadaye akaandika tena kutetea upande wa babu yake, na safari hii alianza kwa kukiri habari ya moshi, kisha akasema wazee wako tayari kuwasha moto chini zaidi, mbali na michoro. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza hoja ikitembea.

Kitendea kazi chetu kikubwa kilikuwa mkasi. Ulikuwa mkasi wa kushonea wa mke wa Mwalimu Masima, mzito, wenye kutu kwenye msumari wa katikati. Tuliwaambia watoto wanakili insha zao upande mmoja tu wa karatasi, mara nyingi nyuma ya kalenda zilizopitwa na wakati, kisha tukazikata aya kwa aya, tukazichanganya, tukampa jirani azipange. Jirani akiweza kuzipanga namna yoyote na insha isidhurike, maana yake hukuandika hoja, umeandika orodha ya sokoni. Aya ya pili lazima iihitaji ya kwanza. Watoto walilia kuona insha zao zikikatwa, ila hakuna aliyesahau.

Mkaguzi mmoja alikuja, akakuta sakafu imejaa vipande vya karatasi, akaandika kwamba darasa ni chafu na kwamba mada ya matambiko haimo kwenye muhtasari. Hakuuliza watoto walikuwa wanafanya nini. Alikunywa soda, akasaini kitabu cha wageni, akaondoka. Nilitaka kumkimbilia barabarani. Mwalimu Masima akanishika mkono. "Andika sababu zako," aliniambia, "umpelekee." Nikaandika. Hakujibu. Hiyo ilikuwa hasira yangu ya kwanza kazini, na ninayo bado, imetunzwa vizuri.

Mwalimu Masima alistaafu akarudi kwao, mimi nikahamishwa hapa na pale, na miaka yangu ya mwisho nikaja kuifanyia Chamwino. Nyinyi mnaijua shule. Mnajua watoto wa watumishi wanaoshushwa getini na magari, wakikaa dawati moja na watoto waliotoka kuchunga, wanaofikiri kwa Kigogo na kutafsiri kimyakimya kabla hawajanijibu. Nilidhani mchanganyiko ule utaleta ubishi mtamu. Nilichokuta ni kivuli cha insha. Steshenari ya karibu na stendi iliuza "insha bora" zilizotolewa kopi, na watoto walizikariri hadi nukta. Mwaka mmoja darasa zima lilinifungulia insha kwa methali ileile kuhusu elimu, hata mada ilipokuwa ufugaji wa kuku. Siku hizi simu inawaandikia, na insha inakuja laini, imepakwa mafuta, haina mtu ndani. Nilipouliza kwenye kikao cha walimu kwa nini tunazipa maksi, mwenzetu mmoja alijibu, "Mwongozo wa usahihishaji unasema utangulizi alama mbili. Ametoa utangulizi." Nilitoka nje nikasimama jikoni kwa wapishi mpaka nilipoweza kuongea tena na watu.

Sasa nifike kwa Neema, maana ndiye aliyenifanya niishike kalamu hii.

Neema Chilongani alikuwa kidato cha tatu. Mkimya, mwandiko wa kulala, na akili yenye meno. Ndiye mwanafunzi pekee aliyewahi kuniandikia pembeni ya insha yake, "Madam, hapa mimi mwenyewe sijashawishika." Alipata mimba, akaacha shule, akajifungua kwa bibi yake mzaa mama, aliyekuwa akiishi peke yake nje kidogo ya mji. Mtoto alipokaza shingo, Neema alikuja shuleni kuomba kurudi. Waraka wa kuruhusu wasichana waliojifungua kurudi masomoni ulikuwa umeshatoka na nakala yake ilikuwa imebandikwa ofisini, nyuma ya mlango.

Mkuu wa shule aliniita. "Mwalimu, sisi hatukatai. Ila bodi inataka binti aandike maelezo kwa nini apokelewe, kisha aje ayasome mbele yao. Wewe ndiye mtu wa insha. Msaidie."

"Mkuu, waraka hausemi aandike chochote. Unasema arudi."

"Najua. Lakini kuna mazingira."

Neno "mazingira" nimelisikia sana katika utumishi wangu, na sijawahi kulisikia likitumika kumpa mtu kitu. Nilimwambia mkuu kwamba kumwomba binti ashawishi watu wampe kilicho chake ni udhalilishaji. Akatazama simu yake. Nikatoka nimeapa kwamba Neema haandiki.

Neema ndiye aliyekikataa kiapo hicho. "Madam, niache niandike," alisema. "Wanasema watasikiliza. Sijawahi kusikilizwa na watu wengi kiasi hicho."

Basi Jumamosi nikaenda kwa bibi yake. Kikongwe alikuwa ameketi mkekani akimenya karanga, kitukuu chake kimefungwa mgongoni kimelala. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanisalimu kwa Kigogo, "mbukwenyi," akacheka nilipojikwaa kwenye kuitika. Neema akanipa alichokuwa ameandika. Kilianza, "Naomba mnisamehe kwa aibu niliyoiletea shule," na kiliendelea hivyo, kosa langu, aibu yangu, sitarudia, mpaka chini.

"Hii ni toba," nikamwambia. "Unataka nini kwao?"

"Kurudi."

"Andika hilo juu kabisa. Sasa nani asiyekubali?"

Kabla Neema hajajibu, bibi yake alisema bila kuinua macho kwenye karanga, "Mimi."

Tukageuka wote wawili.

"Mimi sikubali," bibi akarudia. "Mtoto akilia saa nne, atanyonya nini? Haya maganda? Nyinyi mnaongea shule, shule. Anayebaki naye ni mimi, na magoti yangu haya."

Ningekuwa mwalimu mjinga ningemtuliza. Nikamsogezea Neema kalamu. Waliongea wawili wale asubuhi yote, kwa Kigogo wanapokasirika na kwa Kiswahili wanaponikumbuka. Neema alisema atamnyonyesha alfajiri, atakimbia mapumziko ya saa nne, maana kutoka shuleni si mbali, na mchana mtoto ataanza uji wa ulezi muda wake ukifika. Bibi akauliza nani atasaga ulezi. Neema akasema yeye, Jumapili. Bibi akauliza kuhusu kuni. Hapo Neema akasema atamwomba mjomba wake, na kama mjomba akikataa ataacha michezo ya jioni. Nilimwambia aandike yote, hata kuni, maana anayesoma ataona kwamba amefikiri maisha ya kweli.

Halafu bibi akasema jambo ambalo bodi isingethubutu kulisema. "Wazee wale hawaogopi mtoto kulia. Wanaogopa binti zao watakuiga."

Neema akaandika haraka, akanisomea: "Wasichana wenzangu wananiona kila siku bombani nikiwa na ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Kama ni kuiga, wangeanza hapo. Wakiniona darasani nikisinzia, nikikimbia mapumziko kunyonyesha, nikirudi na jasho, watajifunza ugumu ambao hakuna mwalimu anayeweza kuwafundisha."

Nikasema hiyo ikae. Lakini alikuwa na sentensi nyingine aliyoishikilia tangu mwanzo: "Mvulana aliyenipa mimba yuko kidato cha nne. Hajaombwa kuandika chochote."

"Hii ndiyo nianze nayo," Neema alisema.

Ndani yangu nilitaka aanze nayo, na aiseme kwa kelele. Nikamwambia, "Ukianza nayo, watasikia hasira yako na wataacha kusikiliza sababu. Wape kwanza sababu zote. Wakishakubali kwamba mtoto atanyonya, kwamba hakuna wa kuiga, watakuwa wamebaki na swali moja tu mkononi. Hapo ndipo uwape."

Tulichukua mkasi, tukakata, tukapanga mkekani, tukaweka karanga juu ya vipande visipeperuke. Alivipanga mwenyewe. Mimi nilisahihisha tahajia mbili.

Siku ya kikao alivaa sare iliyombana. Bodi ilikaa upande mmoja wa meza ndefu: mwenyekiti, ambaye ni ofisa mstaafu, wajumbe wengine wanaume, na mwanamke mmoja, Mama Yona, mwimbaji wa kwaya na mwakilishi wa wazazi, aliyekuwa akikunja na kukunjua leso yake. Neema alisoma amesimama. Alianza kwa sauti ya chini, ikapanda alipofika kwenye ulezi. Alipofika kwenye sentensi ya mvulana, aliisoma polepole, akakunja karatasi, akakaa bila kuambiwa.

Nilidhani wameshindwa kwa haki. Mwenyekiti akavua miwani.

"Nani amekuandikia?"

Walimu wenzangu, nimeshaitwa mengi. Nimeshahamishwa bila sababu, nimeshafundisha madarasa mawili yaliyounganishwa bila ukuta wa nyuma. Hakuna kilichonichoma kama swali lile. Miaka yote tunalalamika kwamba watoto hawajui kujenga hoja, na siku mmoja amejenga, tunatafuta mwizi. Nikainuka. Neema akaniwahi.

"Nimeandika mwenyewe. Kama hamuamini, nipeni upande wenu niutetee."

"Upande gani?" mwenyekiti akauliza.

"Wa kunikataa."

Na akautetea, pale pale, bila karatasi. Akasema shule haina chumba cha kunyonyeshea. Akasema walimu wa kike ni wachache na hakuna wa kumshauri. Akasema wazazi wengine wanaweza kuwahamisha watoto wao. Aliusema vizuri kuliko walivyoweza wao, kisha akamalizia, "Hayo yote ni upungufu wa shule. Hakuna hata moja ambalo ni upungufu wangu."

Mjumbe mmoja alicheka kwa mshangao, akajizuia. Mama Yona aliomba aione ile karatasi, akaisoma peke yake, akairudisha. Mwenyekiti akavaa miwani. "Tumekusikia. Tutakujulisha."

Hawakumjulisha. Siku zilipita, nikiuliza naambiwa bodi haijakaa tena. Muda wa mtihani wa muhula ulikuwa unasogea, na nilijua mchezo ule: wanasubiri achoke. Nikapanda kwenda kwa afisa elimu wa wilaya, mwanamke kijana ambaye kwa umri ningeweza kumfundisha. Nilimwekea nakala ya maelezo ya Neema mezani. Hakuisoma. Alisikiliza kidogo, akanyanyua simu, akampigia mkuu wa shule. "Waraka si upo? Binti aingie darasani kesho." Akaniuliza kama kuna lingine.

Nilitoka pale nikiwa nimeshinda, na nimejaa ghadhabu hadi kooni. Kazi yangu yote ni kuwaambia watoto kwamba sababu nzuri, ikipangwa vizuri, inahamisha watu. Binti amepanga sababu vizuri kuliko nilivyowahi kuona, na kilichohamisha watu ni sauti ya mkubwa kwenye simu. Mkuu wa shule aliponiona kesho yake alisema kwa furaha, "Unaona mwalimu, mambo yenyewe yalikuwa madogo tu." Nilimpita, maana ningesema neno ambalo mstaafu mtarajiwa hapaswi kulisema.

Nilimweleza Neema ukweli, kwamba ilikuwa simu. Sikutaka adanganyike. Alikuwa anafuta dawati kwa kiganja. Akauliza tu, "Sasa insha yangu ilifanya kazi gani?" Yule mvulana alifanya mtihani wake wa kidato cha nne, akapigwa picha na wenzake getini. Bibi alibaki na mtoto, magoti yale yale, na mjomba kweli alikataa kuni.

Ilikuwa Jumatatu, Neema ameshazoea tena, mimi nimekaa ofisini kwa mkuu nikisaini daftari la mahudhurio. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Aliingia Mama Yona, bila leso safari hii, amemshika mkono binti yake Lea, aliyewahi kuwa mwanafunzi wetu. Sisi sote tulikuwa tumeambiwa kwamba Lea alihamia shule ya Singida kwa shangazi yake. Lea alikuwa amevaa sare, na kifuani kulikuwa na alama mbili za maziwa yaliyovuja, ambazo alijaribu kuzifunika kwa mfuko wa madaftari.

"Shikamoo mwalimu," Lea alisema, akiangalia sakafu.

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia.

Mkuu wa shule aliinuka nusu, akarekebisha tai. "Karibu, Mama Yona. Sasa, kwa utaratibu, wewe mwenyewe ni mjumbe, unafahamu, bodi itahitaji binti aandike kwanza maelezo ya..."

Mama Yona hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa.

"Huyu haandiki," alisema. "Nionyesheni dawati lake."